Kipodozi cha Asili Kimekuwasha? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Ngozi Nyeti

Pita soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili au barabara za katikati ya Nakuru jioni yoyote, hutakosa meza yenye mafuta ya mwarobaini, ute wa shubiri kwenye vikopo, unga wa manjano, sabuni nyeusi na krimu zenye picha ya jani kwenye kifuniko. Mteja akirudi kulalamika kwamba uso unamwaka moto, jibu huwa limeshaiva: "Vumilia tu, dada. Hiyo ni dawa inafanya kazi, inatoa uchafu."

Mimi naona jibu hilo linadhuru kuliko mafuta yenyewe. Ngozi haitoi sumu kwa kuwaka. Inapochonyota, kuwasha au kuvimba, imeumia, na kila siku unayoendelea kuvumilia unaongeza jeraha. Kuna dawa za chunusi za jamii ya retinoidi ambazo huweza kuzidisha chunusi wiki za mwanzo kabla ya kuzipunguza, lakini hizo hutumiwa kwa maelekezo, na mtu huambiwa mapema atarajie nini. Ndimu na magadi havimo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ngozi yake hukasirika upesi: mwenye ukurutu, aliyewahi kutumia krimu za kung'arisha, anayewashwa na sabuni mpya, au ambaye tu amegundua kwamba kinachomfaa jirani yake humchubua yeye.

Kama unawaka sasa hivi

Acha kila kitu unachojipaka sehemu hiyo, pamoja na vile usivyovishuku. Nawa kwa maji safi, ya baridi au vuguvugu kidogo, bila dodoki na bila kusugua. Ikiwa ulipaka kitu kikali kama ndimu, siki au magadi, acha maji yatiririke juu ya ngozi kwa dakika 20 hivi. Kujimwagia vikombe viwili haitoshi. Wala usijaribu kuua ukali wa ndimu kwa magadi, au wa magadi kwa siki, kwa sababu unaipa ngozi iliyoumia kitu kingine kikali cha kupambana nacho.

Kama ni siagi nzito au mafuta, maji peke yake hayatayatoa. Futa kwanza taratibu kwa kitambaa laini cha pamba, halafu nawa kwa sabuni ya maji isiyo na manukato.

Kilichoingia jichoni kioshwe kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Magadi hasa huendelea kupenya ndani ya jicho wakati wewe unadhani mambo yametulia.

Baada ya kuosha, lowesha kitambaa safi kwa maji baridi, kamua kidogo, weka juu ya sehemu inayowaka kwa dakika 10 au 15. Rudia mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Joto likishatoka, paka tabaka jembamba la Vaseline ya kawaida isiyo na harufu. Najua anayependa vitu vya asili atakunja uso kusikia hivyo, kwa kuwa chanzo chake ni mafuta ya petroli. Lakini jeli hiyo ikishasafishwa vizuri ni miongoni mwa vitu ambavyo ni nadra sana kuleta mzio, na hufunika ngozi iliyochubuka bila kuiongezea kero.

Ukienda kwa chemisti, omba ushauri kabla ya kuomba krimu. Kwa mtu mzima mwenye mwasho wa sehemu ndogo, haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kusaidia ikipakwa kidogo, mara moja au mbili kwa siku, isizidi siku 7, mbali na kope na mbali na kidonda kibichi. Losheni ya kalamini hutuliza. Kidonge cha setirizini hupunguza mwasho kwa wengine, hasa wenye mabaka yanayoibuka na kupotea. Unachopaswa kukataa kwa heshima ni ile tyubu moja inayodaiwa kutibu kila kitu, yenye steroidi kali (dawa za kuzima uvimbe na mwasho kwa nguvu), dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Uso utatulia kwa siku tatu, utafurahi, kisha utakuwa na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza.

Ulimi au koo likivimba, pumzi ikibana, ukishikwa na kizunguzungu au mabaka ya kuwasha yakiibuka mwili mzima kwa ghafla, hapo hakuna cha kitambaa baridi. Nenda hospitali iliyo karibu mara hiyo.

Usingoje kuona wekundu

Maelekezo mengi yanayosambaa mitandaoni yanasema "angalia kama ngozi imekuwa nyekundu." Yameandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, mchubuko huonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea au kijivujivu, na mara nyingine hauonekani kabisa siku ya kwanza. Wengi huendelea kupaka kwa sababu hiyo: kioo hakijawaambia kitu.

Tumia mkono. Gusa shavu kwa upande wa nyuma wa kiganja, kisha gusa shingo, ulinganishe joto. Pitisha kidole uone kama pamekwaruza au pana vipele vidogo visivyoonekana kwa macho. Ngozi inayovuta baada ya kuoga, au inayochonyota ikiguswa na maji matupu, tayari imeumia. Ukitaka kutazama, simama karibu na dirisha mchana. Taa ya chumbani huficha mengi.

Kuwahi kuna faida kubwa kwetu, kwa sababu ngozi nyeusi ikiwaka huacha madoa. Mwasho unaweza kuisha kwa wiki moja, doa likakaa miezi. Na hapo ndipo watu wanaponasa: mtu amechubuliwa na ndimu, amepata doa, ananunua krimu ya kuondoa madoa, krimu inamchubua, doa linaongezeka. Doa linalotokana na mchubuko hufifia lenyewe polepole ukiacha kuuchokoza na ukilikinga na jua.

Umechubuliwa, au una mzio?

Mambo haya mawili hufanana kwa macho, lakini hatima zake ni tofauti.

Kuchubuliwa kunaweza kumpata yeyote, mradi kitu ni kikali vya kutosha au kimekaa muda mrefu. Huanza ndani ya dakika au saa chache, huchoma zaidi ya kuwasha, na hubaki pale pale ulipopaka. Mwenye ngozi nyeti hufikia kiwango hicho mapema kuliko wengine.

Mzio ni kazi ya kinga ya mwili. Mara ya kwanza mwili unapokutana na kitu hicho huenda usione lolote, kwa sababu unahitaji kama siku 10 hadi 14, au zaidi, kujifunza kukichukia. Baada ya hapo, kila ukikigusa, mwasho huja baada ya siku moja hadi tatu, huwasha kweli kweli, na unaweza kuvuka mipaka ya pale ulipopaka. Kwa hiyo ile hoja ya "mafuta haya nimeyatumia miaka mitano, hayawezi kuwa ndiyo" haina nguvu. Mzio unaweza kuanza mwaka wa sita. Na kwa kuwa huchelewa, watu hulaumu kitu walichopaka leo wakati aliyekosea ni yule wa juzi.

Angalia pia mahali. Mwasho wa kope mara nyingi hutoka kwenye kitu kilichopakwa kwingine: mafuta ya nywele yanayoteremka na jasho (na Kisumu jasho halikosi), rangi ya kucha, au mikono iliyoshika balmu. Kope ni nyembamba, ndizo za kwanza kulalamika.

Ukichubuliwa, huenda ukaweza kukitumia kitu hicho baadaye kikiwa kimepunguzwa makali. Ukiwa na mzio, unakiacha moja kwa moja, kwa kuwa kumbukumbu hiyo mwili hauitupi.

Washukiwa wa mezani

Naanza na ndimu kwa sababu ndiyo inayopendekezwa kuliko zote, na kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Maji ya ndimu yana pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, ukali unapanda) ya kama 2, wakati uso wa ngozi yenye afya uko karibu na 5. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo tofauti hiyo ni ukali wa mara elfu moja. Kibaya zaidi, ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo hulala kimya mpaka zipigwe na mwanga wa jua. Zikipigwa, huunguza seli za ngozi. Dalili huja baada ya siku moja hadi tatu: ngozi inauma, inavimba, wakati mwingine inatoa malengelenge, kisha inaacha weusi unaoweza kudumu wiki au miezi, mara nyingi kwa umbo la michirizi au matone, kufuata njia ambayo maji yalipita. Na sisi tunaishi chini ya jua la ikweta. Mstari wenyewe unapita Maseno, si mbali na Kisumu mjini. Hata aliyekamulia samaki ndimu pale ufuo wa Dunga, Kisumu, akakaa juani bila kunawa vizuri, anaweza kuamka na alama mikononi asijue zimetoka wapi. Limau na maganda ya machungwa viko kwenye kundi hilo hilo. Hakuna kipimo salama cha kupaka ndimu usoni kwa mwenye ngozi nyeti.

Upande wa pili wa kipimo kuna magadi, sabuni za kipande na sabuni nyeusi. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 au 10. Sabuni nyeusi hutengenezwa kwa majivu, na zile za mikono hutofautiana ukali kutoka sufuria moja hadi nyingine, hivyo ya mwezi uliopita si kipimo cha ya mwezi huu. Vitu hivi huyeyusha mafuta yanayoshikanisha seli za juu za ngozi. Fikiria ukuta wa nyumba ya udongo ambao lipu yake imenyeshewa ikabanduka: mvua inayofuata inaingia hadi kwenye fito. Ndivyo losheni iliyokuwa haikusumbui huanza kuchonyota baada ya wiki ya kunawa kwa magadi. Magadi yabaki jikoni, kwenye mrenda.

Mafuta ya kunukia ni kundi lenye hila. Namaanisha yale ya kukamuliwa kutoka majani, maua na maganda: tea tree, mchaichai, karafuu, mdalasini, lavenda, mnanaa. Chupa ni ndogo, harufu ni tamu, na kila tone ni mkusanyiko wa mmea mwingi. Karafuu ina yujenoli, mchaichai una sitrali, lavenda ina linaluli, machungwa yana limonini. Zote ni kemikali zinazojulikana kwa kuleta mzio. Zikipata hewa, joto na mwanga, baadhi yake hubadilika na kuwa wachokozi zaidi. Chupa iliyoanikwa juani mezani tangu asubuhi, au iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa dirishani, ni hatari kuliko mpya. Wanaoyatumia usoni hupunguza hadi asilimia 1 au chini yake, yaani kama tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya kawaida. Ushauri wangu kwa mwenye ngozi nyeti ni mfupi: yaache. Hayana kazi usoni mwako inayostahili hatari hiyo.

Pembezoni mwa msitu wa Kakamega wakulima wa kikundi cha Muliru hulima mwonyi, mmea wa jamii ya rehani wenye kafuri, na mafuta yake hutengenezwa balmu ya kuchua. Kazi hiyo ya kuhifadhi msitu kwa kuupa thamani iliwaletea Tuzo ya Equator mwaka 2010, na wanastahili sifa. Balmu za namna hiyo ni za kifua na viungo vinavyouma. Nataja kwa sababu nimeona watu wakipaka balmu ya kafuri kwenye chunusi, wakidhani ule ubaridi ni uponyaji. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kafuri kabisa.

Shubiri, au ogaka kwa Wajaluo, si mbaya, ila wengi huiandaa vibaya. Kati ya ganda na ule ute mweupe kuna utomvu wa manjano, mchungu, na huo ndio unaochubua. Kata jani, lisimamishe kwenye glasi sehemu iliyokatwa ikiwa chini, liache dakika 15 au zaidi mpaka manjano yatiririke yaishe. Menya, suuza ute kwa maji safi, kisha ujaribu kidogo mkononi. Utumie siku hiyo, usiubakishe kwa wiki. Na hakikisha ni shubiri ile inayojulikana kwa matumizi ya ngozi; aina za porini ni nyingi na hazifanani.

Kitunguu saumu kibichi kilichofungwa kwa bandeji juu ya chunusi huunguza kama moto. Usithubutu. Manjano huwapa wengine mzio, na unga wa sokoni unaweza kuwa umechanganywa. Asali ya Baringo au ya kwingineko kwa kawaida ni pole, ila mabaki ya chavua na gundi ya nyuki huwasumbua wachache. Sukari na kahawa za kusugulia zina ncha. Zinakwaruza ngozi ambayo tayari ni nyembamba.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa miguu na mikono mikavu, lakini usoni huziba vinyweleo vya wengi, na kwenye unyevu wa Kisumu utaona vipele haraka. Mafuta ya zeituni, licha ya sifa zake mezani, yana asidi ya oleiki nyingi inayolegeza kinga ya ngozi. Usimpake mtoto mwenye ukurutu. Mafuta ya alizeti ni bora kuliko hayo, na bei yake ni ya kawaida. Siagi ya shea, ile laini inayotoka kaskazini mwa Uganda, huwafaa wengi mradi haijatiwa manukato.

Hina nyeusi inahitaji onyo lake. Hina ya majani hutoa rangi ya kahawia au ya machungwa na huchukua saa kadhaa kushika. Ile inayotoa weusi wa makaa kwa muda mfupi mara nyingi imetiwa PPD, rangi ya nywele ya dukani. Inaweza kutoa malengelenge kwa umbo lile lile la maua uliyochorwa, na mzio wake hukufungia mlango wa rangi nyingi za nywele maisha yako yote.

Kuna pia michanganyiko ya nyumbani yenye maji: parachichi na mtindi, ute wa shubiri na maji ya waridi, tango lililosagwa. Palipo na maji bila kihifadhi, bakteria na kuvu huzaana kwa siku chache, tena kwa joto letu. Mtu anapaka siku ya kwanza vizuri, siku ya nane anapata usaha. Bidhaa inayojisifu kwamba haina kihifadhi, na ndani yake kuna maji, mimi siinunui. Ukitengeneza nyumbani, tengeneza ya mara moja, inayobaki mwaga.

Wiki nne za kuipumzisha ngozi

Tabaka la juu la ngozi hujijenga upya kwa kama wiki nne. Katika muda huo punguza kila kitu. Oga kwa maji vuguvugu, si ya moto. Nawa uso mara moja kwa siku kwa kisafishaji laini kisicho na manukato, na mara nyingine kwa maji tu. Pangusa kwa kugusagusa, kisha ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka kilainishi kimoja tu, kile kile kila siku.

Aliyeko Nakuru atahitaji kitu kizito zaidi kati ya Januari na Machi, upepo ukiwa mkavu na vumbi likiruka. Aliyeko Kisumu, Busia au Homa Bay achague losheni nyepesi mchana na awekee usiku ile nzito, la sivyo jasho likizibwa chini ya siagi litaleta vipele vya joto ambavyo atavidhania ni mzio mpya.

Kama roho inakataa kukaa bila kitu cha asili, kuna oti. Saga oti kavu, zisizo na sukari wala ladha, mpaka ziwe unga laini sana. Ukitia kijiko kwenye glasi ya maji na kukoroga, maji yanapaswa kuwa meupe kama maziwa. Changanya kwenye beseni la maji vuguvugu, jimwagie au ukae humo dakika 10 hadi 15. Hutuliza mwasho kweli, na ni kati ya tiba chache za jikoni ninazozipendekeza bila kusita. Sakafu huteleza, angalia usianguke.

Usisahau vinavyogusa ngozi bila wewe kuvihesabu kama vipodozi: foronya iliyofuliwa kwa sabuni yenye marashi, leso, mafuta ya nywele, hata losheni ya mwenzio. Na jua. Kofia yenye ukingo mpana inashinda ahadi nyingi za chupa. Ngozi ikiacha kuchonyota, ongeza krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, ya zinki, kwani hizo huwasumbua wenye ngozi nyeti kwa nadra. Huacha weupe kidogo kwenye ngozi nyeusi. Zenye rangi ya kahawia zipo.

Kurudisha kitu kimoja kimoja

Hapa ndipo subira inapowaishia watu. Ngozi imetulia, wanarudisha vitu vitano Jumatatu moja, na mwasho ukirudi hawajui wa kumlaumu.

Chagua bidhaa moja, yenye viungo vichache. Tafuta sehemu ya ndani ya mkono karibu na kiwiko, au ndani ya kiwiko penyewe, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Paka hapo mara mbili kwa siku, kiasi kile kile ambacho ungepaka usoni, kwa siku 7 hadi 10. Jaribio la saa 24 linalotajwa kila mahali hunasa michubuko, lakini mzio wa kuchelewa hulipita. Kama ni bidhaa ya kuosha, kwa mfano sabuni au barakoa ya uso, iache kwa muda ule tu ambao ungeiacha kawaida, kisha suuza. Sabuni iliyokaushwa juu ya ngozi humchubua hata mwenye ngozi ngumu.

Kila jioni gusa, tazama kwenye mwanga, andika neno moja kwenye simu: sawa, inawasha, inakwaruza. Ikikataa, osha na uiache. Ikipita, hamia chini ya taya karibu na sikio kwa siku tatu au nne. Ikipita na hapo, paka usoni siku moja, pumzika siku moja, kwa wiki ya kwanza. Kipya kingine kisubiri wiki mbili.

Usijaribu kwa njia hii vitu ambavyo ni vikali kwa asili yake, kama ndimu, kitunguu saumu au mafuta ya kunukia yasiyopunguzwa. Hivyo havina haja ya jaribio. Na kumbuka mkono uliofunikwa na shati hauwezi kukuonyesha kitu kinachoamshwa na jua.

Unaponunua

Soma viungo, maana mbele ya kopo kuna matangazo tu. Neno Parfum au Fragrance linamaanisha manukato yamo, hata kama kopo lina picha ya msitu. Majina yanayoishia na oil baada ya Citrus, pamoja na Limonene, Linalool, Citral, Geraniol na Eugenol, ni ya kundi la mafuta ya kunukia nililolitaja juu. Bidhaa isiyo na orodha ya viungo irudishe mezani, hata kama muuzaji ni shangazi yako. Tafuta pia mchoro wa kikopo kilichofunguka chenye 6M au 12M, ambao ni miezi ya kutumia tangu siku ulipoifungua.

Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inaweza kughushiwa, lakini kuikagua ni rahisi: tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali kwenda 20023, usubiri jibu lenye jina la bidhaa na mtengenezaji. Jibu lisilolingana na kopo ulilolishika ni jibu tosha. Hata hivyo alama ya kweli inathibitisha viwango vimefuatwa. Haiwezi kujua ngozi yako ina mzio wa nini.

Shaka kubwa iwe kwa krimu ya "mitishamba" inayong'arisha uso kwa wiki moja. Mitishamba haina kasi hiyo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini Kenya, na bado hukamatwa. Zebaki hudhuru figo, na mtoto anayelala karibu na shavu la mama hupata sehemu yake. Steroidi zilizofichwa hujitambulisha kwa tabia: uso unapendeza haraka, ukiacha siku mbili unawaka, ukirudia unatulia. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, ndevu zinaota pasipo ndevu. Ukijitambua hapo na umetumia miezi mingi, usiache kwa mkupuo bila kumwona daktari, kwa sababu kurudi kwake kunaweza kuwa kukali.

Daktari anahitaji nini kutoka kwako

Nenda kama kuna malengelenge, usaha, homa, ngozi inayochuruzika, mwasho uliosambaa, au hali isiyobadilika baada ya wiki mbili za kuacha kila kitu. Mtoto mchanga asingoje hata hizo wiki mbili. Hospitali za rufaa kama Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ile ya kaunti Nakuru au Moi ya Eldoret ndiko pa kuulizia kliniki ya ngozi na siku zake. Zahanati ya karibu inaweza kukupa barua.

Daktari akishuku mzio anaweza kupendekeza kipimo cha viraka: vipande vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, ngozi husomwa vikitolewa, na husomwa tena siku ya nne au hata ya saba. Hakipatikani kila hospitali, na huwezi kukifanya ukiwa unatumia steroidi mgongoni. Faida yake ni kwamba unatoka na jina la kemikali, unalitafuta kwenye kila kopo.

Siku ya kwenda, usijipake kitu cha kuficha. Beba kila kopo, hata lililokwisha, hata lile la kupimiwa lisilo na jina, pamoja na sabuni ya kuogea, mafuta ya nywele na tyubu yoyote uliyopewa na chemisti. Beba picha za siku mwasho ulipokuwa mkali, zilizopigwa karibu na dirisha, kwa sababu siku ya kliniki uso unaweza kuwa umetulia. Na kama kulikuwa na krimu ya kung'arisha ambayo nyumbani hawaijui, mwambie daktari mkiwa wawili. Bila hiyo atakutibu ugonjwa mwingine.